Ruta Yako Inabeba Njia Ngapi Kichwani?

Jumapili moja usiku kijana wa Mbagala, mwenye kampuni ndogo inayouza intaneti kwa nyumba mia kadhaa, alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. "Shikamoo kaka. Hivi mtandao unaweza kulogwa?"

Marahaba, nikamwambia, hebu eleza. YouTube inapeta, WhatsApp inapeta, wateja wanaangalia mpira bila kukwama. Lakini tovuti ya chuo kimoja cha Malaysia haifunguki kwa mteja yeyote, na mama mmoja ambaye mwanawe anasoma huko ameshapiga simu mara nne. Akizima kifaa na kukiwasha, Malaysia inarudi, ila sasa linapotea duka la vipuri la Dubai. Miunganisho ya BGP, lugha ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia, yote iko juu. Prosesa imetulia kama mtu aliyeshiba ugali. Faiba haina tatizo.

"Leo umebadilisha nini?"

Kimya. Halafu: "Nimewaomba apstrimu wanipe jedwali zima la intaneti badala ya difolti. Si ulisema mwenyewe kuwa ISP ya kweli inabeba jedwali zima?"

Sikumbuki kusema hivyo, lakini tuendelee. Apstrimu ni kampuni kubwa inayomuuzia intaneti ISP mdogo kama yeye, na jedwali zima ni orodha ya njia za kwenda kila mtandao duniani; difolti tutaifikia.

Kifaa chake ni swichi kubwa iliyotumika, porti 48 za gigi 10, yenye uwezo wa kufanya kazi ya ruta, yaani kuzichagulia pakiti (vipande vidogo vya data) njia ya kupita. Aliipata Kariakoo kwa bei ambayo kwa mpya usingepata hata feni zake. Kwa kusukuma pakiti ni farasi. Kilichomshinda ni idadi ya njia ambazo chipu yake inaweza kukumbuka: kama 128,000. Jioni ile ilimwagiwa zinazokaribia milioni.

Ili kuelewa kwa nini kifaa cha nguvu kiasi hicho kinashindwa namna hiyo, na kwa nini kinashindwa kimyakimya, twende kwanza stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ofisini kuna daftari lenye kila basi na kila mji. Kama kampuni tatu zinakwenda Moshi, zote tatu zimeandikwa, na mwenye daftari ameweka alama kwenye ile anayoiona bora. Getini amesimama mpanga abiria. Huyu hana muda wa kukimbilia ofisini kupekua. Abiria wanamiminika, kila mmoja anataja anakokwenda, naye ananyoosha kidole: lile pale, lile kule. Anachokitumia ni kile tu alichokariri.

Daftari la ofisini mafundi wanaliita RIB. Linakaa kwenye RAM ya kawaida, na RAM si ghali. Kichwa cha mpanga abiria kinaitwa FIB, na katika ruta zinazosukuma pakiti kwa chipu maalumu, FIB hukaa ndani ya chipu hiyo. RAM unaweza kuongeza kesho. FIB ya namna hii haiongezeki. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Getini kuna kanuni moja. Anayekwenda Marangu, kama basi la Marangu lipo, apande hilo. Kama halipo, apande la Moshi. Maelekezo mahususi zaidi hushinda yale ya jumla. Na abiria ambaye mji wake haumo kabisa kichwani kwa mpanga abiria? Huyo hupandishwa basi la "wengine wote", kama lipo. Hilo ndilo njia ya difolti: mstari mmoja tu, 0.0.0.0/0, unaotosha dunia nzima.

Sasa ofisi ina mabasi karibu milioni, na mpanga abiria anaweza kukariri laki na ushee. Anasomewa majina, yanaingia, yanaingia, kichwa kinajaa, na mengine yote yanaanguka chini. BGP haioni tatizo, maana BGP ni shughuli ya daftarini na daftari halijajaa. Ukiiuliza ruta kama inaijua Malaysia, inakujibu kutoka daftarini: naijua, hii hapa, nimeipata dakika kumi zilizopita. Pakiti zikifika getini, hakuna anayezijua. Na kijana wetu alikuwa ameiondoa difolti alipoomba jedwali zima, kwa hiyo hata basi la wengine wote halikuwepo.

Uchawi wa kuzima na kuwasha nao ni huo huo. Mara hii majina yamesomwa kwa mpangilio mwingine, Malaysia ikawahi kiti, Dubai ikachelewa.

Vifaa havijai kwa tabia moja. Vipo vinavyotupa njia zilizozidi bila kelele zaidi ya mstari mmoja kwenye logi. Vingine huzipeleka pakiti zisizo na njia kwenye prosesa, na hapo mtandao mzima unakuwa mzito kama foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni. Binafsi naiogopa zaidi tabia ya kwanza. Mtandao mzito utauona kwenye grafu, lakini tovuti moja ya Malaysia itaonwa na mama mmoja tu.

Kwa nini basi wasitie kumbukumbu kubwa kwenye chipu, yakaisha? Piga hesabu. Porti moja ya gigi 10 ikijaa pakiti ndogo kabisa, za baiti 64, zinapita pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Kila pakiti ina kama nanosekunde 67 za kutafutiwa njia yake, na hiyo ni porti moja kati ya 48. RAM ya kawaida, ukiiuliza mara kadhaa kwa kila pakiti, haiwahi.

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni aina ya kumbukumbu iitwayo TCAM. Kila kisanduku chake kinaweza kushika sifuri, moja, au "yoyote ile". Ukiipa anwani haipekui ukurasa kwa ukurasa. Ni kama kuingia ukumbini na kuita "Nani anamjua huyu?", watu wote wakasikia na kujibu kwa mkupuo mmoja. Kasi yake ni ya ajabu. Lakini ukumbi wote lazima uwe macho kwa kila swali, kwa hiyo TCAM inakula umeme, inatoa joto, na inachukua eneo kubwa la chipu. Anayelipia LUKU ya chumba cha mitambo ameshaelewa. Kuna chipu nyingine zinazotumia mbinu za kupanga njia kwa matawi ndani ya kumbukumbu ya kasi, na hizo ndizo zinazofikia milioni kadhaa za njia. Tofauti ya bei kati ya swichi ya kawaida na ruta kamili yenye porti zile zile, sehemu yake kubwa imejificha hapo.

Kujaa huku kuliwahi kuitikisa dunia. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, lilivuka njia 512,000, baada ya kampuni ya Verizon ya Marekani kutangaza kwa muda mfupi njia za ziada zipatazo 15,000. Wakati huo ruta nyingi zilizokuwa kazini zilikuwa za Cisco za familia ya 6500 na 7600, ambazo kadi zake kubwa zilitoka kiwandani zikiwa zimetenga nafasi 512,000 hivi za IPv4. Mitandao ikaanza kupepesuka sehemu mbalimbali za dunia. Kinachouma ni kwamba nafasi zaidi ilikuwemo ndani ya kadi zile zile. Ilihitajika amri moja ya kugawa upya vyumba, kisha kuzima na kuwasha. Waliofanya mapema walilala usingizi.

Naitaja historia hiyo kwa sababu mitambo ya kizazi kile bado inazunguka sokoni, na muuzaji atakwambia kwa uso mkavu kwamba "inabeba milioni". Ni kweli inabeba. Lakini sasa IPv4 peke yake inagusa milioni, na IPv6, mfumo mpya wa anwani, imeshapita laki 2. Kwenye kadi zile njia moja ya IPv6 inakula nafasi mbili za IPv4. Chukua milioni moja, ongeza laki 2 mara mbili, unapata milioni 1.4 ndani ya nyumba yenye vyumba milioni na kidogo. Hapo hujaweka njia zako za ndani wala za wateja wako.

Hilo linatupeleka kwenye karatasi ya vipimo, ambako maneno yanayotakiwa kukushtua ni "hadi". Hadi njia milioni 1 za IPv4, hadi laki 5 za IPv6. Mara nyingi ni hii au ile, si zote kwa pamoja, maana zinagawana chumba kimoja. Muulize muuzaji: nikibeba IPv4 na IPv6 kwa wakati mmoja, kwa mgawanyo huu, ngapi na ngapi? Muulize kama ukiwasha ukaguzi wa anwani za chanzo, ule unaozuia mteja kutuma pakiti kwa anwani ya kughushi, nafasi inapungua. Kuna vifaa ambavyo inapungua kwa nusu nzima. Muulize kama idadi hiyo inakuja na kifaa au inafunguliwa kwa leseni ya kulipia. Muuzaji akianza kukwambia habari za gigabiti kwa sekunde, ujue hajui, au anajua sana.

Na tafadhali usichanganye FIB na majedwali mengine. Ruta inayofanya NAT, yaani kuwatumikisha wateja wengi anwani moja ya IPv4, ina jedwali la miunganisho, na kwa mitandao yetu, ambayo anwani za IPv4 kutoka AFRINIC, mgawaji wa anwani wa Afrika, zinapatikana kwa kijiko, hilo ndilo hujaa mapema zaidi. Lina dawa yake na makala yake.

Sasa nirudi kwa kijana wa Mbagala, maana swali la msingi hakujiuliza: hayo majina milioni unayataka ya nini?

Jedwali la BGP kwenye ruta yako linaamua kitu kimoja tu, pakiti zako zinazotoka zipite kwa apstrimu gani. Zinazoingia huamuliwa na walioko nje, kwa jinsi wanavyoliona tangazo lako. Unaweza kuwashawishi kwa kurefusha njia unayotangaza, au kugawa tangazo lako la /22 (anwani 1,024) kuwa vipande vya /24 (anwani 256 kila kimoja), lakini kwa hayo huhitaji kubeba hata njia moja ya mtu mwingine. Haya, wateja wa majumbani wanafanya nini? Wanapakua. Filamu, TikTok, masasisho ya simu, mpira. Upande wa kutoka ni maombi na risiti za kupokea. Ndiyo kusema unanunua kichwa cha njia milioni ili kupanga vizuri safari za risiti.

Nimeona kampuni ndogo hapa Dar ikimaliza mtaji wa upanuzi kwenye ruta ya aina hiyo, wakati minara yake miwili ilikuwa haina hata betri za akiba. Roho iliniuma.

Kwa mtandao wa kawaida wa mjini, hesabu inakwenda hivi. Una njia za ndani na za wateja wako, mamia. Una njia unazopata TIX, eksichenji ya Dar es Salaam, ambako mitandao ya nchini hukutana badala ya kuzungukia Ulaya. Una seva za akiba za makampuni makubwa ya video na mitandao ya kijamii, ambazo zikiwa karibu nawe hubeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Halafu unaweka difolti mbili kutoka apstrimu wawili. Jumla ni maelfu, na hata swichi ya kijana inazibeba ikipiga mluzi. Ila weka kikomo cha idadi ya njia kwa kila jirani, yaani kila mtandao uliounganishwa nawe kwa BGP. Mtandao mkubwa wa kimataifa ukikuunganisha kwenye eksichenji unaweza kukumwagia laki na zaidi kwa nia njema kabisa.

Je, difolti haina kasoro? Inayo, na tuliiona Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikaumia vibaya. Hali kama hiyo inaonyesha udhaifu wa basi la wengine wote: apstrimu anaweza kukatika huko mbele, lakini ruta yake ya hapa mjini ikaendelea kukutangazia difolti kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe unaendelea kumpelekea pakiti, yeye anazimwaga baharini. Kama ungekuwa na jedwali zima kutoka kwake, ungeona njia zikifutika kwa malaki na pakiti zingehamia kwa mwenzake.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haikulazimishi kubeba milioni. Mwombe apstrimu akupe difolti pamoja na njia chache za mbali, kisha difolti yako iegemee hizo: nitakutumia wewe maadamu bado unanionyesha fulani. Fulani akitoweka, difolti inaanguka, mwenzake anachukua. Wengi huchagua anwani za seva za mzizi wa DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na hapo wanajitega wenyewe, kwa sababu seva hizo zina nakala nyingi duniani na baadhi ziko hapa hapa Dar. Kebo inaweza kukatika na "fulani" akaendelea kuonekana, kumbe yuko mjini. Chagua mtandao ambao kweli uko ng'ambo na hauna tawi hapa, na chagua miwili au mitatu, usiegemee mmoja. Jambo jingine: kebo ikijaa bila kukatika, kama ilivyowatokea wengi baada ya trafiki kuhamishiwa kwenye njia chache zilizobaki, BGP haikuonyeshi chochote, uwe na jedwali zima au nusu. Hapo unapima mwenyewe kwa pingi na macho.

Ukitaka zaidi ya difolti bado kuna nafasi ya katikati. Unaweza kupokea jedwali zima daftarini, kwenye RAM, kisha ukachuja kinachoruhusiwa kuingia kichwani: njia za Afrika, za wateja wa apstrimu wako, na za mitandao ambayo grafu zako zinaonyesha ndiyo inayobeba mzigo. Mzigo wa mtandao wa majumbani haujatawanyika sawasawa. Maeneo machache huchukua sehemu kubwa. Unaweza pia kuzikataa /24 za mabara ya mbali, maana /24 peke yake ni zaidi ya nusu ya jedwali la IPv4, na difolti itazifunika. Ruta za kampuni ya MikroTik zenye programu yake ya RouterOS 7, kwenye mitambo yenye chipu ya kusukuma njia, zinafanya mgawanyo wake zenyewe: njia mahususi zaidi zinawekwa kwenye chipu mpaka nafasi iishe, zile za jumla zinabaki kwa prosesa. Mbinu inafaa, lakini angalia ni kiasi gani cha trafiki kinaangukia prosesa kabla hujaisifu.

Tahadhari moja kwa wanaochuja. Kama una mteja mwenye namba yake ya AS, ile inayoutambulisha mtandao wake kwenye BGP, na unamtangazia jedwali zima, halafu wewe mwenyewe kichwani huna zote, unamwahidi basi ambalo mpanga abiria wako halijui. Pakiti yake itapita njia tofauti na uliyomwonyesha, na siku mbaya mtazungushiana pakiti wenyewe kwa wenyewe. Ukiwa na wateja wa namna hiyo, au ukihifadhi seva ambazo trafiki yake kubwa ni ya kutoka, basi jedwali zima ni haki yako. Lilipie.

Na hata hapo usikimbilie chipu kubwa kabla ya kuangalia ruta za programu: kompyuta ya seva yenye Linux na BIRD au FRR, programu zinazoendesha BGP, au ruta yenye prosesa ya kiini nyingi. Hizi hazina FIB ya kwenye chipu. Njia milioni zinakaa kwenye RAM, nafasi inabaki. Kinachozibana ni pakiti kwa sekunde. Trafiki ya gigi 5 yenye pakiti za wastani wa baiti 900 ni kama pakiti laki 7 kwa sekunde, ongeza zile ndogo za kurudi. Mashine ya kisasa iliyopangwa vizuri inazimudu. Kwa kampuni iliyo chini ya gigi 10, mimi huanzia hapo, na swichi inabaki kufanya kazi ya swichi.

Kijana tulimaliza naye saa sita kasoro. Tuliirudisha difolti kwanza, Malaysia na Dubai zikarudi pamoja. Kisha tukaweka kichujio kwa apstrimu na kikomo kwa kila jirani, tukafungua kaunta ya chipu, ambayo hakuwa ameiona tangu ainunue ile swichi: njia elfu tatu na ushee.

"Kumbe ndiyo hizo tu?"

Ndiyo hizo tu. Akaniomba nisimwambie mtu, nami sijataja jina. Asubuhi akampigia yule mama wa Malaysia.